Kope za Kubandika: Pima Jicho Lako Kwanza

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wababa watasema ni la wamama tu. Lakini nao wasome, maana pesa ya saluni mara nyingi inatoka mfuko mmoja, na jicho likiharibika ni nyumba nzima inayohangaika.

Siku hizi hapa Nakivale bibi arusi wengi wanataka wawekewe kope. Hatusemi ni vibaya. Mtu aliyekimbia akaacha kila kitu nyuma naye ana haki ya kupendeza siku yake. Shida ni kuchagua kwa kuangalia picha kwenye simu, ati "nataka ndefu kama za huyu", bila kuangalia jicho lako mwenyewe.

Kope zina kazi yake. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha Georgia Tech kule Marekani walitoa utafiti wao: walipima macho ya aina 22 za wanyama wanaonyonyesha, wakakuta kope zina urefu wa karibu theluthi moja ya upana wa jicho. Urefu huo unavunja upepo, unapunguza vumbi linalofika jichoni hata kwa nusu, na jicho halikauki upesi. Zikizidi hapo, zinaukamata upepo na kuuelekeza ndani ya jicho. Sasa fikiria barabara zetu mwezi wa saba, lori limepita, na wewe umevaa kope kama fagio!

Basi pima. Mwenzako ashike rula chini ya jicho, bila kuligusa, asome kutoka kona ya ndani mpaka kona ya nje. Watu wazima wengi wanapata karibu sentimita 3, kwa hiyo theluthi yake ni milimita 10 hivi. Za milimita 15 zipo sokoni, lakini hizo ni za picha, si za kuishi nazo.

Unene nao usisahau. Uzi wa milimita 0.20 una uzito mara nne ya ule wa 0.10, si mara mbili, kama urefu ni mmoja. Ukope wako mwembamba ukibebeshwa mzigo huo unavutwa mpaka unang'oka, na ukivutwa hivyo mara kwa mara, shina linaweza kuchoka lisiote tena. Kope kudondoka moja mpaka tano kwa siku ni kawaida. Zikitoka kwa mafungu, hapo kuna jambo.

Kwa maoni yetu, kama ni arusi ya siku moja, chukua zile za ukanda. Unavaa asubuhi, jioni unalowesha gundi kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, unatoa polepole, na usiku jicho linapumzika. Za kubandika moja moja zinakaa wiki kadhaa, na zinataka fundi wa kweli: ukope mmoja juu ya ukope mmoja, mbali kidogo na ngozi. Zile za vifungu ndizo zinazotuhangaisha zaidi, kwa sababu fundi mwenye haraka anagandisha kope tatu, nne pamoja, na kila moja inakua kwa mwendo wake. Inayokua haraka inawavuta wenzake.

Halafu gundi. Ya viatu isikaribie jicho, hata fundi akikuapia. Hata ile ya saluni, mwombe akupake kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla. Pakiwasha au pakivimba, acha. Muulize pia kama kibano amekiosha na kukisafisha kwa spiriti baada ya mteja aliyetangulia. Akikasirika, umeshapata jibu lako. Na dada, kope za ukanda haziazimani, hata kati ya mtu na mdogo wake.

Mwenye macho mekundu, mwenye matongo, au mwenye kope zinazochoma kwa ndani asibandike kitu. Aende kwanza kituo cha afya. Aliyebandika asiogope kunawa: kope zisizooshwa zinashika vumbi na mafuta, na ukingo wa jicho unavimba. Tone la shampuu ya watoto katika maji safi, mara moja kwa siku, linatosha.

Gundi ikiingia jichoni, mimina maji safi mengi kwa dakika 15. Kama kope zimegandamana usizivute kwa nguvu, wala usikate kwa mkasi, nenda kituo hivyo hivyo. Na ukiona maumivu, mwanga unakuchoma, au unaona ukungu, usingoje kesho. Omba upimwe siku hiyo hiyo, na uulize kama unahitaji kutumwa Mbarara, ambako kuna hospitali ya macho ya Ruharo.