Kilo za Majani ya Chai na Mipaka ya Histogramu



Chai tunayoinywa kwa mahamri kila asubuhi hutoka nyanda za juu, Kericho na Bomet zikiwa miongoni mwake. Na sehemu kubwa ya chai ya Kenya huletwa kwetu Mombasa kuuzwa mnadani. Huko mashambani mchumaji wa mkono huchuma majani mawili na chipukizi lake, akapimiwa kwa mizani, na ujira wake hufuata kilo. Tumeichagua kazi hiyo itusaidie kueleza hesabu inayowatatiza watoto wetu wa sekondari: histogramu iliyoandikwa alama za katikati tu, bila mipaka ya makundi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wachumaji 25 wamepimiwa majani ya siku moja. Chini ya nguzo nne za histogramu pameandikwa kilo 15, 25, 35 na 45. Idadi ya wachumaji ni 4, 10, 8 na 3. Twatoa 15 katika 25, twapata 10, nao ndio upana wa kila kundi. Nusu yake ni 5. Kwa kila alama twapunguza 5, kisha twaongeza 5. Makundi yawa 10 hadi 20, 20 hadi 30, 30 hadi 40, na 40 hadi 50. Aliyefikisha kilo 20 kamili huingia kundi la pili, asihesabiwe mara mbili. Njia hii yafaa nguzo zikiwa na upana sawa. Zikitofautiana, sharti mpaka mmoja ujulikane kwanza.

Je, mipaka hiyo ina faida gani? Tukizidisha kila alama kwa idadi ya watu wake, kisha tukajumlisha, twapata kilo 725. Hayo ni makisio. Huenda kila mmoja alikuwa mwanzo wa kundi lake, jumla ikawa 600; au mwisho wake, ikakaribia 850. Mama aliyechuma kilo 11 na mwenzake aliyechuma 19 wote wamehesabiwa 15. Huyo wa 19 akilipwa kwa alama ya katikati, kilo nne za jasho lake zimepotea.

Basi tukae na mabinti na wavulana wetu, tuwaeleze kwamba histogramu huonyesha hali ya wengi kwa jumla. Ujira wa mtu mmoja hutazamwa kwenye mizani, na mizani ni amana.