Je, Wajua? Povu la Farasi na Sabuni ya Tandiko

Je, wajua kwamba povu jeupe linalotanda shingoni mwa farasi aliye kazini ni sabuni yake mwenyewe? Jasho la farasi lina protini iitwayo latherini. Manyoya yake yana mafuta na hayapokei maji kirahisi, kwa hiyo jasho tupu lingejikusanya matone na kudondoka kabla halijampoza. Latherini hulifanya jasho lisambae mpaka nchani mwa kila unywele, likauke upesi na kuondoka na joto. Pale panaposuguana, katikati ya mapaja au chini ya ukanda wa hatamu, jasho hilo huchapwa likawa povu. Protini hiyohiyo imo katika mate yake, na ndiyo sababu midomo yake pia hutoka povu akitafuna lijamu.

Katika kazi nzito na joto kali, farasi anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 za jasho kwa saa moja. Tena jasho hilo lina chumvi nyingi kuliko maji ya damu yake. Likikauka mgongoni huacha unga mkavu, na unga huo ukikandamizwa na tandiko siku ya pili huwa msasa. Farasi wa dresaji, mchezo ambao mnyama hucheza hatua alizofunzwa ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 60, hufanya kazi karibu kila siku akiwa na mtu mgongoni. Kidonda kidogo kwenye mstari wa tandiko humtoa kazini kwa wiki kadhaa. Wenye punda wa Lamu wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu: mfuko mchafu wa mizigo, yaani shogi, hutoboa mgongo.

Ndiyo maana saisi, yaani mtunza farasi, huanza na kitana cha mpira akikizungusha kulegeza tope na manyoya yaliyokufa, hufuata brashi ngumu ya kukung'uta, kisha brashi laini inayofuata ulalo wa manyoya. Brashi laini ndiyo inayoleta mng'aro, kwa kuyatandaza mafuta ya ngozi juu ya manyoya. Kumwogesha farasi kwa shampuu kila siku huyaondoa mafuta hayo. Anayetaka farasi ang'ae atumie mkono zaidi kuliko chupa.

Na je, wajua kwamba farasi weupe mashuhuri wa Vienna huzaliwa weusi au kahawia? Ni wa aina ya Lipizzaner. Asili yao ni shamba la Lipica, lililoanzishwa mwaka 1580 katika nchi ambayo leo ni Slovenia, na siku hizi wale wa Vienna huzalishwa Piber, nchini Austria. Wanafanya kazi katika Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi, ndani ya ukumbi uliojengwa kati ya 1729 na 1735. Mtoto wa farasi huyu hufifia mwaka hadi mwaka, na wengi huwa weupe wakiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 10. Ngozi haibadiliki: mlowanishe farasi mweupe uone weusi ukichungulia chini ya manyoya. Mara mojamoja huzaliwa asiyefifia kabisa, na shule hiyo ina desturi ya kuwa na farasi mmoja wa kahawia kwa ajili ya bahati njema.

Weupe huo una gharama, nayo si madoa ya mkojo na mavi tu, ingawa hayo pekee yanatosha kumkondesha saisi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walitangaza kwamba wameipata hitilafu ya jeni inayowageuza farasi hawa kuwa weupe. Hitilafu hiyohiyo huwaletea melanoma, vivimbe vyeusi ambavyo wengi wao huvipata uzeeni, hasa chini ya mkia. Mara nyingi wa kwanza kukigundua kivimbe si daktari, bali vidole vya anayechana mkia. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi hii inapopata heshima yake. Mkono unaopita juu ya farasi mzima kila asubuhi hugundua goti lenye joto, kupe nyuma ya sikio, au mgongo unaoshtuka ukiguswa, mambo ambayo jicho lingeyapita.

Mgiriki Xenophon aliandika kuhusu kazi hii ya kumsafisha farasi karibu mwaka 350 KK, katika kitabu chake kuhusu upandaji farasi. Alitaka kazi ianzie kichwani, akakataza kifaa chochote kwenye uti wa mgongo: hapo ni kiganja tu. Alionya pia dhidi ya kuosha miguu kila siku, akisema maji hudhoofisha kwato. Mhunzi wa kwato wa leo angemuunga mkono.

Sharubu je? Kwa miaka mingi zilinyolewa ili mdomo uonekane nadhifu. Lakini farasi haoni kilicho mbele kabisa ya pua yake wala chini ya kidevu. Sharubu, kila moja ikiwa na mishipa ya fahamu kwenye shina lake, ndizo humwonyesha ukingo wa ndoo na ukaribu wa ukuta. Tangu Julai 1, 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, linamzuia kushindana farasi aliyenyolewa sharubu.

Kwato husafishwa kwa chuma chenye ncha iliyopinda, kutoka kisiginoni kuelekea mbele, ili ncha isichome ile nyama ngumu ya pembetatu iliyo katikati ya unyayo. Uchafu ukikaa hapo huoza, na harufu yake haijifichi.

Sasa tandiko na hatamu. Ngozi iliyotengenezwa hubaki laini kwa sababu nyuzi zake zimelainishwa kwa mafuta. Maji mengi huzivimbisha, kisha yakikauka ngozi hukakamaa. Chumvi ya jasho huongeza ukavu, na kuanika karibu na moto huipasua. Kwa hiyo sifongo hukamuliwa hadi ibaki na unyevu tu, ndipo isugue sabuni ya gliserini. Kanuni ya wakongwe wa banda ni hii: sabuni ikitoa povu juu ya tandiko, umeshazidisha maji. Povu linalomsaidia farasi huliharibu tandiko lake.

Lijamu huoshwa kwa maji matupu mara tu linapotoka mdomoni, kabla mate na nyasi hazijagandamana, wala halipakwi dawa ya kung'arishia chuma mahali linapogusa ulimi. Vifungo vyote hufunguliwa, maana ngozi hukatikia pale inapojikunja ndani ya bizimu, na mshono wa ukanda wa kikuku huvutwa kwa nguvu kuujaribu. Mshono uliooza ni heri ukatikie mkononi mwa saisi kuliko chini ya mguu wa mpandaji. Kwa hali ya hewa ya Mombasa au Dar es Salaam kuna adui mwingine: ngozi iliyofungiwa kabatini bila hewa huota ukungu.

Farasi wenyewe husafishana. Wawili husimama wakielekeana, kila mmoja akimkwaruza mwenzake kwa meno karibu na nundu ya mabega. Mwaka 1993 watafiti wawili walichapisha matokeo ya kuwakwaruza farasi mahali hapo: mapigo ya moyo yalipungua. Saisi anayeanzia hapo kwa farasi mwenye wasiwasi hajakosea.

La ajabu ni kwamba katika mashindano ya dresaji ya FEI waamuzi hutoa alama za 0 hadi 10 kwa hatua na miondoko, na manyoya yanayong'aa hayana alama hata moja. Singa husukwa vizuri ili mstari wa shingo uonekane, basi. Ukaguzi wa mwili wa farasi huja baada ya kutoka uwanjani: msimamizi huvaa glavu mpya kwa kila farasi, akampitishia vidole mdomoni na ubavuni, na damu ikionekana kwenye glavu, farasi huyo anaweza kuondolewa mashindanoni hata kama ameongoza.