Unahodha hauongezi pointi Makerere

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa Bwera na Kasese mjini, Uganda, wana swali moja. Binti alikuwa kiranja mkuu, au kijana aliichezea shule mpaka mashindano ya wilaya. Je, hayo yatamsaidia kuingia chuo kikuu? Inategemea anabisha hodi wapi. Wengi hugharamia matakwa ya chuo cha ng'ambo, kumbe fomu waliyojaza ni ya Makerere.

Makerere hesabu ni kavu. A ya somo kuu ina pointi 6, B ina 5, zinashuka hivyo hadi E yenye 2. Masomo mawili ambayo kozi inayategemea zaidi huzidishwa kwa 3, la tatu kwa 2. Mwenye A tatu basi ana 48, kabla ya vipointi vidogo vya masomo ya nyongeza. Msichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Kwaya, mdahalo na ukiranja havina safu katika hesabu hiyo. Hata sheria, yenye mtihani wake wa kuingilia, haimuulizi mtu alikuwa nahodha wa nini.

Michezo imeachiwa kichochoro. Kwa miaka mingi mpango wa udhamini wa serikali umekuwa wa wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka: kama 3,000 kwa ushindani wa kitaifa, 896 kwa mgao wa wilaya, 64 wenye ulemavu na 40 wanamichezo. Arobaini kwa Uganda nzima, na hao pia lazima wawe wamefaulu masomo makuu mawili. Kwa mtoto wa Kasese, mgao wa wilaya ndio wa kupigia hesabu, nao unagawanywa kwa pointi zilezile za mtihani. Mtoto acheze mpira kwa sababu anaupenda na mwili unauhitaji. Ila mzazi anayelipia kambi ya uongozi ya likizo akidhani cheti kitasomwa Makerere, fedha hiyo ingefaa zaidi kwa vitabu vya marudio.

Vyuo vikubwa vya Marekani vina mambo mengine, na chanzo chake si kizuri. Miaka ya 1920, Harvard, Yale na Princeton viliona vijana wa Kiyahudi wanafaulu mitihani ya kuingia kwa wingi kuliko wakubwa wa vyuo walivyopenda. Wakaanza kupima tabia, uongozi, michezo na barua za mapendekezo, vitu ambavyo mpimaji anaweza kuvivuta atakako. Vipimo hivyo vimebaki, ingawa sababu zinazotolewa leo ni nyingine. Kesi ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023 iliweka wazi kwamba kila mwombaji hupewa alama kwa shughuli za nje ya darasa, kando na alama ya masomo, kuanzia 1 ambayo ndiyo ya juu kabisa.

Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya huko, ina nafasi 10 za shughuli, na maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150 pamoja na nafasi za katikati. Hizo ni sentensi mbili fupi. Vijana wetu huzijaza majina ya vilabu: wanyamapori, maskauti, mdahalo, amani. Wengine huacha nafasi sita tupu, kwa kuamini kwamba shule isiyo na bwawa la kuogelea wala piano haina shughuli.

Wasilolijua ni kwamba orodha ya aina za shughuli katika fomu hiyo ina kazi ya malipo, na ina majukumu ya nyumbani. Tuseme kijana wa Bwera anamsaidia mama yake soko la Mpondwe kila Ijumaa, anaweka daftari la madeni, na anawasaidia madereva kutoka Kampala kuelewana na wateja wa Kasindi, upande wa Congo. Au binti wa milimani anayechuma kahawa msimu mzima na kulea wadogo zake wawili. Hizo ni shughuli kamili. Kinachozipa uzito ni idadi: saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, tangu kidato gani, na nini kilibadilika kwa sababu yake. Kuandika "Mwanachama wa klabu ya mazingira" hakumwambii msomaji kitu. Aliyekuwa akipima kina cha mto Nyamwamba kule Kilembe baada ya mafuriko ya Mei 2020 na kubandika vipimo ubaoni shuleni amesema mengi kwa maneno machache.

Uongo haufai, na si kwa sababu za dini tu. Barua ya mwalimu hutumwa peke yake. Mwanafunzi akijiita mwanzilishi wa klabu ambayo mwalimu mkuu hajawahi kuisikia, barua ndiyo itakayomuumbua.

Wapo pia wafadhili wanaotaka vyote viwili. Mpango wa Mastercard Foundation, uliopokea wanafunzi Makerere, hutazama matokeo, hali ya kifedha ya nyumbani, kisha uongozi na moyo wa kuitumikia jamii. Hapo daftari la madeni la Mpondwe linaweza kusaidia, mradi mwombaji awe amekwisha kupata nafasi ya masomo kwa pointi zake.