Kanisa likitaka kununua ndege ya zamani, liangalie nini?



Baada ya ibada hapa Eringeti, mzee mmoja wa kanisa alinionyesha kwenye simu picha ya Cessna 206 ya mwaka 1975 iliyokuwa inauzwa. Akauliza: «Pasta, makanisa yetu yote yakichanga, hatuwezi kununua hii?»

Nilielewa moyo wake. Kwenye barabara yetu ya kwenda Komanda na Bunia damu ya watu wengi imemwagika, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungojea msafara wa magari. Kwa njia ya hewa, Beni hadi Bunia ni karibu kilomita 150, yaani dakika 40 hivi kwa Cessna. Mimi ni mchungaji, si fundi wa ndege, lakini nilisoma na kuuliza ili nimjibu vizuri.

Mzee hakukosea kuchagua 206. Ilianza kuuzwa miaka ya 1960, ikaacha kutengenezwa mwaka 1986, ikarudi mwaka 1998. Shirika la MAF, lililokuwa Nyankunde mpaka mashambulizi ya Septemba 2002 na sasa liko Bunia, limeitumia sana. Lakini 206 za zamani hazifanani zote.

Kwanza, mlango. P206, iliyotengenezwa mpaka mwaka 1970, ilikusudiwa abiria. U206 ina mlango mkubwa wa pande mbili upande wa kuume, ambao unaweza kupitisha machela. Kwa kazi yetu, U206 ndiyo inayofaa. Ila flapu za bawa zikiteremshwa, huzuia nusu ya mbele ya mlango huo. Kila abiria wa nyuma lazima aonyeshwe namna ya kutoka.

Pili, moteri. U206 za kwanza zina nguvu farasi 285. Tangu mwaka 1967 zina 300. Huku kwetu tofauti hiyo ni kubwa, maana hewa ya milimani ni nyepesi. Butembo, juu ya mita 1,700, moteri ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. TU206 ina turbo inayorudisha nguvu hizo, lakini turbo inaongeza joto na gharama za fundi.

Tatu, uzito. Viti sita si watu sita. Modeli nyingi za zamani haziruhusiwi kuruka zikizidi kilo 1,633. Ukitoa uzito wa ndege yenyewe, rubani na matangi yaliyojaa, zinabaki kilo 350 hivi: mgonjwa, muuguzi, mlinzi wa mgonjwa na mizigo kidogo.

Nne, kutu na vitabu. Ndege ya mwaka 1980 iliyolala nje kwenye mvua inaweza kuwa mbaya kuliko ya mwaka 1970 iliyotunzwa. Kampuni ya Cessna imetoa orodha ya ukaguzi wa ziada kwa ndege zake za zamani, kutafuta kutu na nyufa. Uliza kama ulifanyika. Uliza pia moteri imebakiza saa ngapi: ile ya nguvu 300 hufunguliwa na kutengenezwa upya kila saa 1,700 hivi. Vitabu vikikosekana, usinunue, hata bei ikiwa ndogo.

Tano, mafuta. Moteri hizi hazitumii esansi ya pikipiki. Zinataka esansi ya ndege, yenye rangi ya samawati, karibu lita 60 kwa saa. Kwetu inatoka mbali na ni ghali. Ndiyo maana ndege kubwa zaidi kama Cessna Caravan, inayotumia mafuta ya jeti, jamaa ya petroli ya taa, imechukua kazi nyingi Afrika.

Kwa hiyo nilimjibu mzee: tukinunua, iwe U206 ya baada ya 1967, yenye vitabu kamili, ikaguliwe na fundi asiyelipwa na muuzaji. Lakini tusianze na bei ya ndege. Tuanze na bei ya saa moja ya kuruka, mara saa za mwaka mzima, pamoja na rubani, fundi na bima. Katika Luka 14 Yesu alisema juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kama mchango wetu hautoshi mwaka wa pili, ni afadhali tuwe na mfuko wa kulipia wagonjwa nafasi katika ndege zinazoruka tayari. Ndege iliyokwama uwanjani haimbebi mgonjwa, na mchango wa mjane umekwisha kutumika.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema: «Basi tuanze na mfuko.» Jumapili iliyofuata tulianza.