Fahali Hupimwa kwa Binti Zake

Mkulima wa skimu anapomwita mtu wa sindano aje kumpandishia ng'ombe, mara nyingi huuliza neno moja tu: "Fahali huyu huleta maziwa kiasi gani?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Uliza pia binti zake hukaa zizini miaka mingapi kabla ya kupelekwa kwa mchinjaji.

Hebu fanya hesabu. Ng'ombe akipandishwa leo atachukua mimba miezi 9. Ndama akiwa jike, kwetu hapa mara nyingi huzaa akiwa na miaka 2 na nusu, au 3. Muda wote huo umemlisha, umemwogesha dawa ya kupe na kumchanja, wala hujapata hata kikombe cha maziwa. Maziwa ya uzao wa kwanza huenda yakalipa gharama hiyo, na huenda yasiilipe. Faida hasa huja katika uzao wa 3, wa 4 na wa 5. Mtamba anayezaa mara moja, kisha miguu au kiwele kikaharibika, amekula fedha zako hata kama alijaza ndoo.

Wafugaji wa farasi wa mashindano wamekutana na shida hiyo hiyo, na inafaa tujifunze kwao. Kule Marekani alikuwako farasi aliyeitwa Raise a Native. Mwaka wa 1963 alishindana mara 4, akashinda zote 4, kisha mguu ukaumia, naye hakukimbia tena. Kwa sababu ya mbio zake alifanywa dume la kuzalisha, na watoto wake walitafutwa sana. Mmoja wao, Majestic Prince, alishinda Kentucky Derby mwaka wa 1969. Majuma machache baadaye alishindwa kwa mara ya kwanza, mguu ukamsumbua, na huo ukawa mwisho wa mashindano yake.

Katika nchi hiyo, mwaka wa 1960 kila farasi wa mashindano alikimbia wastani wa mara 11 kwa mwaka. Siku hizi ni kama mara 6. Si haki kuilaumu damu peke yake, maana hata desturi za wafunzaji zimebadilika. Lakini mtu mwenye busara akitaka kumpima dume hatazami bingwa mmoja. Huhesabu watoto wote waliozaliwa: wangapi walifika uwanjani, walikimbia mara ngapi, na wangapi walikuwa wangali wazima wakiwa na miaka 4 au 5. (Kelso, farasi imara kupita wengi, alikimbia mara 63 akashinda 39. Bahati mbaya alikuwa amehasiwa, hakuacha mtoto hata mmoja.)

Sasa turudi zizini. Jirani akikuonyesha binti mmoja mzuri wa fahali fulani, mwulize wenzake wako wapi. Waliochinjwa huwezi kuwaona.

Lazima binti wawe wengi, na sababu yake ni hii. Katika tofauti za maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe, kama sehemu 30 katika 100 hutokana na damu. Katika tofauti za kuishi miaka mingi, damu huchangia kama sehemu 10 tu, au pungufu. Yaliyobaki ni malisho, kupe, matope ya zizi na mkono wa mkamuaji. Kwa hiyo binti 3 au 4 hawakuambii neno la kutegemewa. Tena binti wa fahali mmoja walinganishwe na binti wa mafahali wengine katika zizi lile lile, wakila nyasi zile zile. Ukimlinganisha wa Kinangop na wa mahali pa joto na ukame, unapima mvua.

Baadhi ya mbegu zinazouzwa Kenya hutoka ng'ambo. Tangu 1994 Wamarekani wamekuwa wakitoa hesabu ya maisha ya binti kwa miezi: zaidi au pungufu ya wastani wa ng'ombe wa aina yao. Mwambie mtu wa sindano akuonyeshe tarakimu hiyo katika orodha yake, pamoja na hesabu ya binti waliopimwa. Fahali kijana huenda asiwe na binti hata mmoja, amepimwa kwa damu tu. Hatukatai, ila tarakimu zake hazijawa imara. Kumbuka pia kwamba binti hao walilishwa kule, si kwa majani ya tembo ya shamba lako.

Fahali wa kijiji je? Nenda ukawaone binti zake waliozaa mara 3 au zaidi. Tazama kama kiwele kimeshuka chini ya goti la nyuma, kama kwato zimefunguka, kama wanatembea bila kuchechemea. Kama hakuna hata mmoja aliyefika uzao wa 3, uliza sababu kabla hujafungua mfuko. Na usimrudishe fahali huyo kwa binti zake mwenyewe.

Nunua daftari. Andika jina na namba ya fahali kila unapopandisha, tarehe ya kila uzao, na siku ng'ombe alipotoka zizini. Andika pia kwa nini alitoka. Aliyeuzwa kwa karo ya watoto usimhesabie fahali kosa; aliyeuzwa kwa kiwele kibovu, mhesabie.