Helmut Schön: kocha aliyekimbia kwao akachukua Kombe la Dunia

Wazee wetu wa Kongo wakianza habari za mpira, hawakosi kuutaja mwaka 1974. Mwaka huo timu ya Zaire ilikwenda kucheza Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Ilifungwa michezo yote mitatu, mmoja 9-0 na Yugoslavia. Lakini leo tumwangalie kocha aliyelichukua kombe lile. Kumbe na yeye alikuwa mtu aliyekimbia kwao!

Jina lake Helmut Schön, mzaliwa wa Dresden, mwaka 1915. Alikuwa mshambuliaji hodari. Aliichezea timu ya taifa mara 16 akafunga mabao 17. Akiwa na klabu ya Dresdner SC alipata ubingwa wa Ujerumani mwaka 1943 na 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Februari 1945 ndege zikaupiga mji wake mabomu, sehemu kubwa ikateketea.

Baada ya vita nchi iligawanyika, Dresden ikabaki upande wa Mashariki, chini ya Wakomunisti. Schön aliendelea kucheza na kufundisha hapo hapo. Aprili 1950 timu yake ilicheza na Zwickau mchezo wa kuamua ubingwa, ikafungwa 5-1. Mashabiki waliona wamedhulumiwa, wakavamia uwanja. Baadaye timu ikavunjwa. Basi Schön na wenzake wengi wakavuka kwenda Berlin Magharibi. Ukuta ulikuwa haujajengwa, ulijengwa 1961.

Huko hakupewa kazi kubwa mara moja. Alifundisha klabu ndogo, halafu timu ya Saarland, jimbo dogo lililokuwa chini ya Ufaransa wakati ule. Mwaka 1953 na 1954 alicheza na Ujerumani Magharibi ya kocha Sepp Herberger, akafungwa mara mbili. Lakini Herberger alimwona kuwa anajua kazi. Mwaka 1956 akamchukua awe msaidizi wake. Alisaidia miaka minane, na mwaka 1964 akapewa timu yote.

Fainali ya 1966 alifungwa na Uingereza 4-2 katika muda wa nyongeza. Mwaka 1970 akawa wa tatu. Mwaka 1972 akachukua ubingwa wa Ulaya.

Sasa tufike 1974. Katika kundi lake nani alikuwemo? Ujerumani Mashariki, yaani kwao! Tarehe 22 Juni, mjini Hamburg, Jürgen Sparwasser akafunga bao, Mashariki wakashinda 1-0. Hebu fikiria, umeacha nyumba yako, halafu watu wa kule kule wanakushinda mbele ya dunia nzima. Inasimuliwa kwamba Schön aliumia sana. Lakini hakuona aibu kumsikiliza mtu mdogo kwake. Nahodha Franz Beckenbauer alisema wazi kasoro za timu, na kocha akabadilisha wachezaji kadhaa, akiwemo kijana Rainer Bonhof aliyeingizwa. Wakazifunga Yugoslavia, Sweden na Poland.

Fainali ilikuwa Munich, tarehe 7 Julai. Uholanzi walipata penalti kabla Mjerumani hajagusa mpira, wakafunga. Wajerumani hawakukata tamaa. Paul Breitner akasawazisha kwa penalti, Gerd Müller akaongeza la pili. Mwisho 2-1.

Schön aliacha kazi mwaka 1978, akiwa ameongoza michezo 25 ya Kombe la Dunia na kushinda 16. Hadi mashindano ya 2022 hakuna kocha aliyekuwa amemfikia. Alifariki 1996, Wiesbaden.

Wazazi na vijana, mimi nimejifunza hivi: alipovuka mpaka, nyumba na mji alviacha nyuma, lakini alichokijua alikuja nacho. Alikubali kuanza na timu ndogo, akakubali kuwa msaidizi, na alipokwisha kuwa mkubwa bado alikubali kuambiwa. Kwa hiyo mtoto akikuuliza masomo haya ya kambini yana faida gani, msimulie habari ya Schön. Tuonane mwezi ujao.