Maji ya mvua yanayokula mabati: jiwe la chokaa linaweza kuyatuliza



Katika vijiji vingi vya teritware ya Nyiragongo, na kuelekea Rusayo na Sake, mito na chemchemi ni chache. Jiwe la volkano liko na matundu mengi, mvua ikinyesha maji yanazama mbio chini ya udongo. Ndiyo maana nyumba nyingi zinategemea maji ya mabati (wengine tunasema manjanja): yanatoka juu ya nyumba, yanapita mufereji, yanaingia tanki, kisha bidoni. Wanamemba wengi wanauliza juu ya nini mabati yanatoboka haraka, na juu ya nini maji ya tanki wakati mwingine yana ladha ya chuma. Katika toleo hili tunajibu, na tunaeleza dawa moja ya bei ndogo ambayo koperative inaweza kuitayarisha yenyewe. Tunaeleza pia mambo ambayo dawa hiyo haiwezi kufanya, kwani hapo ndipo watu wanaweza kuumia.

Asidi inatoka wapi?

Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi hata wakati hazilipuki. Ndani ya moshi huo muko gesi ya salfa, ya klori na ya fluori. Mara nyingi upepo unausukuma upande wa magharibi, kuelekea Masisi. Mvua ikipita ndani yake inachukua zile gesi na kuwa maji yenye asidi. Wakulima wa upande huo wanaijua vizuri: majani ya maharagwe na migomba yanaungua kwenye ncha sawa vile yamepitiwa na moto.

Asidi inapimwa kwa kipimo kinachoitwa pH, toka 0 mpaka 14. Katikati ni 7. Chini ya 7 ni asidi, na kila ngazi moja ni mara kumi: maji ya pH 5 yana asidi mara kumi kuliko ya pH 6, na mara mia kuliko ya pH 7. Mvua safi, mbali na volkano, inakuwa na pH karibu 5.6, kwa sababu inachukua gesi ya kaboni ya hewani. Ile inayopita ndani ya moshi wa volkano inaweza kushuka chini ya 5. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (OMS) linaona vizuri pH ikae kati ya 6.5 na 8.5.

Hata penye hakuna volkano, maji yanaweza kuwa na asidi. Chemchemi inayotoka kwenye miamba isiyo na chokaa, ao kwenye udongo wa asidi, mara nyingi iko hivyo. Wakulima wa milima ya Kabare na Walungu wanaoweka chokaa shambani wanajua udongo wa namna hiyo.

Hatari iko fasi gani?

Tuseme kweli: uchachu wenyewe si sumu. Ndimu ni chachu kuliko maji yoyote ya mvua, na tunaikamua kwenye chakula. Shida ni kile ambacho maji haya yanabeba. Maji yenye asidi yana njaa. Yanakula zinki ya mabati, shaba ya tiyo na ya robine, na siment ya tanki. Kama kuna madini ya risasi (plombe) kwenye fasi zilizochomelewa, kwenye misumari yenye kofia ya risasi, ao kwenye robine ya zamani, yanaichukua pia. Hata sufuria za kuyeyushwa, zinazotengenezwa kwa vyuma vya kuokota, zinaweza kuwa na risasi ndani.

Risasi haina ladha wala rangi. Inaumiza akili ya mtoto mdogo na ya mtoto aliye tumboni, na kile kimeharibika hakirudi. OMS inasema isipite miligramu 0.01 kwa litre moja ya maji. Kwa hiyo mama anayepikia mtoto uji kwa maji ya tanki hawezi kujua kwa kuangalia tu. Dalili zinazoonekana ni hizi: alama za kijani-bluu chini ya robine ya shaba, ladha ya chuma asubuhi kwa maji yaliyolala ndani ya tiyo, na mabati yanayotoboka kabla ya wakati. Ukiona moja kati ya hizo, pima.

Jiwe linatuliza namna gani?

Wakulima wengi wanajua kazi ya chokaa kwenye shamba lililochoka: inatuliza asidi ya udongo. Kwa maji ni kazi ile ile. Maji yakipita polepole kati ya mawe ya chokaa (kalkeri) yaliyopondwa, asidi inakula jiwe pahali pa kula robine. pH inapanda mpaka kati ya 7 na 8 na kidogo, kisha inasimama yenyewe, kwani maji yasiyo na njaa tena hayakuli jiwe. Huo ndio uzuri wake: huwezi kupitisha kipimo.

Lakini jiwe ni jiwe, na chokaa iliyochomwa ni kitu kingine. Musitumie hata kidogo chokaa ya kupaka nyumba ao ya kujengea. Ile imepita motoni, ni kali sana, inachoma macho na koo, na inaweza kupandisha pH mpaka 12. Unga wa chokaa ya shamba pia haufai, unaziba njia ya maji.

Jiwe la kweli linajulikana hivi: lioshe, likwaruze kidogo, dondosha ndimu ao siki juu yake. Likitoa povu, ni jiwe la chokaa. Lile jeusi la volkano, ambalo tunajengea nyuta, halitoi povu na halitasaidia. Jiwe jeupe linalong'aa kama kioo pia halitoi.

Kutengeneza chujio ya nyumba moja

1. Tafuta pipa ya plastiki ya litre 60, yenye kifuniko, ambayo haijawekwa dawa ya shamba wala petroli.

2. Ponda mawe yawe kama punje za mahindi. Yachuje kwa kuondoa unga, kisha yaoshe mpaka maji yatoke safi. Litre 50 za mawe zina uzito wa karibu kilo 75, basi pipa ikae juu ya matofali yenye nguvu.

3. Weka chujio nyuma ya tanki, si mbele. Mvua kubwa inashuka mbio sana, haikai na jiwe. Tanki iwe juu kuliko pipa.

4. Tiyo ya plastiki itoke kwenye tanki, ishuke mpaka chini kabisa ya pipa. Chini weka mawe makubwa kidogo, juu yake yale ya punje. Maji yapande toka chini kwenda juu, yatokee kwenye robine ya plastiki karibu na kifuniko. Yakipanda hivyo, mawe hayashikamani. Weka pia kizibo chini, kwa kuosha.

5. Pima mbio ya maji. Kati ya litre 50 za mawe mnabaki nafasi ya karibu litre 20 za maji. Maji yanahitaji kukaa na jiwe dakika 20. Maana yake: litre moja kwa dakika, bidoni moja ya litre 20 kwa dakika 20. Kama bidoni inajaa kwa dakika tano, punguza robine ya tanki. Hayo maji hayajatulia.

Maji ya mvua hayamalizi jiwe haraka: litre 1 000 zinakula makumi machache tu ya grama. Maji ya chemchemi yenye gesi nyingi yanakula zaidi. Kila miezi mitatu fungua kizibo, koroga mawe kwa fimbo safi na mwaga maji machafu. Mawe yakishuka, ongeza. Yakifunikwa na kutu nyekundu, yatoe na uyaoshe, kwani kutu inazuia maji kugusa jiwe.

Utaona sabuni inatoa povu kidogo kuliko mbele, na sufuria inapata utando mweupe. Hiyo ni chokaa, haina mabaya.

Mambo ambayo jiwe haliwezi

*Haliui vijidudu.* Kipindupindu kinapita kati ya mawe bila shida. Maji ya kunywa yachemshwe, ao yawekwe klori baada ya chujio, na yangoje dakika 30.

*Haliondoi fluori ya kutosha.* Moshi wa volkano unaleta fluori, na OMS inaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa litre. Mtoto anayekunywa zaidi miaka mingi anapata madoa ya kahawia kwenye meno, na ikizidi sana hata mifupa inaumia. Kuchemsha hakusaidii, kunaikusanya zaidi. Kama watoto wa kijiji wana meno hayo, peleka maji yapimwe na utafute maji mengine kwa kunywa na kupikia.

*Halirudishi nyuma risasi iliyokwisha kuingia.* Ikiwa mabati, misumari ao robine iko na risasi mbele ya chujio, dawa ni kuibadilisha.

Na majivu ya volkano yakianguka, tosha tiyo ya mufereji kwenye tanki. Fagia juu ya nyumba, na mwaga maji ya mvua ya kwanza mbele ya kurudisha tiyo. Fanya hivyo pia kisha siku nyingi za jua.

Kazi ya koperative

Nyumba moja peke yake italipa jiwe na usafiri bei kubwa. Koperative inaweza kufanya mambo matatu. Ya kwanza, kununua karatasi za kupima pH na kupima tanki za wanamemba wote, na kuandika matokeo kwenye kitabu. Maji ya mvua yanabadilisha rangi ya karatasi polepole, mungoje muda ulioandikwa kwenye paketi. Tanki za siment mara nyingi zitaonyesha asidi kidogo kuliko za plastiki, kwani siment inatuliza maji huku ikiliwa. Hizo zikaguliwe nyufa. Ya pili, kuagiza mawe pamoja, camion moja, kwa watu wanaochimba chokaa, na kuyajaribu kwa ndimu mbele ya kulipa. Ya tatu, kuchagua watu wawili, mama na baba, wa kupita kila miezi mitatu kupima maji mbele na nyuma ya chujio.

Muanze na nyumba zenye mama mjamzito na watoto chini ya miaka mitano. Chujio ya kwanza ijengwe mbele ya wanamemba wote, na namba mbili za pH ziandikwe ubaoni siku ile ile: ile ya tanki na ile ya robine. Ikiwa ya pili haijafika 6.5, punguzeni mbio ya maji na mupime tena mbele ya kuponda mawe ya nyumba inayofuata.